MPIGA ZEZE ANA JINA LAKE

Twaomba nafasi katika ukurasa huu tuseme juu ya jambo ambalo huenda wengine wakalihesabu kuwa dogo. Ni jambo la picha, na maneno yanayowekwa chini ya picha.

Hapa Dodoma siku hizi hapana mkutano usio na kamera. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie huku kwetu kwenye nyanda za kati. Kuanzia 2016 Serikali ikahamia kwa kishindo, na mwaka 2018 Bunge likapitisha sheria ya kuutangaza mji huu kuwa makao makuu. Kwa hiyo wageni ni wengi, na kila mgeni ana simu inayopiga picha. Kila mgeni mkubwa naye hupokewa kwa ngoma ya Wagogo: akina mama na ngoma zao za muheme wamezibana kwa mapaja, wanaume na mazeze na marimba, njuga miguuni. Picha hupigwa kwa mamia. Kisha magazeti hutoka, na picha husambazwa kwa simu, na chini yake mna maneno haya: Kikundi cha ngoma kikitumbuiza.

Basi. Jina la mgeni limeandikwa kamili, pamoja na cheo chake na mahali alipotoka. Jina la mwenyekiti aliyemkaribisha limo. Hata jina la aliyeshika mwavuli laweza kutajwa. Lakini yule mzee aliyekaa mbele na zeze lake, ambaye maneno ya wimbo ameyatunga mwenyewe na sauti ni yake, yeye ni "kikundi". Twauliza: yeye hakupewa jina na wazazi wake?

Sisi tunaozunguka katika matawi, kutoka Kongwa mpaka Bahi, kutoka Mpwapwa mpaka Kondoa, tumeliona jambo hili mara nyingi, nasi twasema wazi kwamba halifai katika nchi huru.

Kwanza tufahamiane tunamnena nani. Zipo nyimbo za Wagogo ambazo ni za watu wote. Nyimbo za jando, za mavuno, za kuomba mvua. Hizo hazina mwenyewe, ni mali ya wazee waliotutangulia. Lakini yupo pia mtu anayekaa peke yake chini ya mbuyu na zeze lake, akatunga. Atatunga juu ya mwaka wa njaa uliomaliza ng'ombe. Atatunga juu ya shemeji aliyekula mahari akakimbia. Atatunga juu ya mkubwa wa kijiji anayekula na wenye nacho, na mkubwa huyo akiwa ameketi papo hapo anasikiliza. Mtu huyo hatungi kwa kuagizwa. Yeye huona, hufikiri, kisha husema kwa sauti ambayo hakuna wa kumjibu ila kwa wimbo mwingine. Huyo ndiye mtunzi wa fikra huru, naye Ugogo unao wengi.

Mfano mkubwa kuliko yote ni marehemu Hukwe Zawose. Alizaliwa kijijini, hapa mkoani, kati ya mwaka 1938 na 1940. Akiwa mtoto alichunga ng'ombe, na kuimba alijifunza kwa baba yake. Hakupita katika shule ya muziki. Sifa zake zilipomfikia Mwalimu Nyerere, Mwalimu alimwita Dar es Salaam. Hizo zilikuwa siku ambazo taifa lilikuwa likitafuta sauti yake lenyewe. Tukumbuke kwamba Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, kwa sababu aliona aibu ya watu kuzijua dansi za Ulaya kuliko ngoma za kwao. Zawose akawa miongoni mwa waliolijibu swali hilo kwa vitendo. Baadaye akawa msanii na mwalimu katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981, na Bagamoyo ndiko alikofariki tarehe 30 Desemba 2003.

Katika miaka hiyo alizunguka dunia. Mwaka 1985 ilitoka Uingereza sahani yake iitwayo Tanzania Yetu. Mwaka 1996 ikatoka Chibite, neno la Kigogo ambalo maana yake ni "twende". Mwaka 2002 akatoa Assembly pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada, na mwaka huo huo akasafiri Marekani na mpwa wake Charles katika ziara ya Peter Gabriel, wakiimba mbele ya maelfu ya watu wasiojua neno moja la Kigogo.

Sasa, huyu mtu alikuwa na fikra huru kwa namna gani? Wengine hudhani fikra huru ni kupinga kila kitu. La hasha. Zawose aliisifu nchi yake na aliwasifu viongozi aliowaamini, tena kwa sauti kubwa. Uhuru wake ulikuwa katika kazi yake. Hakukubali kwamba zeze na ilimba ni vitu vya kale visivyoweza kuguswa. Ilimba ya kawaida, ambayo wengi huiita marimba, ni sanduku la mbao lenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Yeye alipiga marimba makubwa yenye vyuma vingi zaidi. Zeze la kawaida lina nyuzi chache; yeye alipiga mazeze yenye nyuzi nyingi zaidi. Wala hakukubali kwamba ili usikilizwe na wageni ni lazima uimbe lugha yao. Aliimba Kigogo na Kiswahili mpaka mwisho. Akishirikiana na Mzungu mwenye gitaa la umeme, zeze lilibaki zeze. Mtu wa namna hiyo haigi wageni, wala hafungwi na ya jana. Ni mtu aliyejitawala.

Na huko alikokwenda alikuwa na jina. Kwenye majalada ya sahani zake jina limeandikwa kwa herufi kubwa. Kwenye matangazo ya maonyesho ni hivyo hivyo. Lakini wenzake waliobaki huku, ambao wanapiga zeze lile lile na wanatunga usiku na mchana, wakipigwa picha wanakuwa "kikundi". Je, mpaka mtu avuke bahari ndipo jina lake lirudi?

Tena kuna jambo la aibu zaidi. Mwaka 1950, wakati wa ukoloni, Hugh Tracey alipita Tanganyika na mashine yake akirekodi ngoma na nyimbo, na Wagogo walikuwa miongoni mwa aliowarekodi. Kazi hiyo imehifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba aliyoianzisha mwaka 1954. Yeye alikuwa mtu wa nje, tena katika zama ambazo Mwafrika alihesabiwa kama boi. Lakini katika sahani zake nyingi aliandika jina la mwimbaji, kabila lake, na ala aliyopiga. Ndiyo maana leo twajua kwamba sauti ya gitaa aliyoikuta Kongo mwaka 1952 ni ya Mwenda Jean Bosco, wala si ya "mwenyeji mmoja". Ikiwa hilo liliwezekana wakati ule, kwa mashine nzito iliyobebwa garini, lashindikana nini leo ambapo kila kijana ana kalamu na kamera katika simu moja?

Twajua majibu yatakayotolewa. Wa kwanza atasema: ngoma ni ya pamoja, ukimtaja mmoja utaleta wivu katika kundi. Jibu letu ni kwamba watajwe wote. Kundi la watu kumi na wawili ni majina kumi na mawili. Ni mistari mitatu ya gazeti. Aanze mtunzi, afuate mwenye kuongoza, kisha wengine. Sisi tuliopitia chuo cha ualimu tulifundishwa kuita mahudhurio kila asubuhi, watoto hamsini au sitini, jina moja moja, wala hatukuambiwa tuandike "darasa limefika". Kazi hiyo huchukua dakika chache, na mtoto anayeitwa kwa jina lake hukaa darasani kwa namna nyingine kabisa.

Wa pili atasema: gazeti halina nafasi. Huyo twamwomba aangalie tena nafasi iliyotumika kwa vyeo vya wageni.

Wa tatu atasema: wao wenyewe hawajali. Si kweli. Katika kijiji kimoja upande wa Bahi, mzee mpiga zeze alituuliza picha walizopigwa katika mkutano wa mwaka uliotangulia zilikwenda wapi. Wajukuu wake walikuwa wameiona mojawapo katika simu ya jirani, imeandikwa maneno ya Kiingereza wasiyoyajua. Hakutaka fedha. Alitaka kujua maneno yale yasemaje, na kama wimbo wake ulikuwa umetajwa. Haukuwa umetajwa. Alinyamaza kidogo kisha akarudi kukaza nyuzi zake. Sisi twasema kwamba ukimya wa namna ile ni hoja tosha.

Basi picha ya mwimbaji ipigweje? Tutasema yale ambayo yeyote anaweza kuyafanya.

Usianze na kamera. Anza na salamu. Ugogo ni nchi ya watu wa adabu. Ukimfikia mzee umwamkie mbukwenyi, ukae, usubiri. Mwombe ruhusa, umweleze picha inakwenda wapi. Akikataa, shukuru uondoke. Kisha sikiliza wimbo mmoja mzima bila kuinua simu. Mtu asiyejua wimbo unapanda wapi na unashuka wapi atapiga picha ya kinywa kilicho wazi tu. Aliyesikiliza atajua lini mpigaji hufumba macho, lini humgeukia mwenzake, lini vidole hukimbia.

Angalia jua. Saa sita mchana jua la Dodoma lipo utosini, vumbi ni jeupe, na uso wa mtu mweusi chini ya kofia huwa kama shimo. Wengi hupiga picha saa hiyo kwa sababu ndiyo saa ya wageni kufika, kisha hulaumu kamera. Asubuhi mapema na jioni, mwanga huja kwa ubavu nao huonyesha uso. Ikiwa hapana budi mchana, mwombe akae kivulini, na uso wake ndio uwe kipimo cha mwanga, wala si anga lililo nyuma yake.

Angalia mikono. Hapa ndipo picha nyingi zinapokosa. Mwimbaji hupigwa akiwa amevaa manyoya na shanga, kwa mbali, kama kwamba ni sehemu ya mapambo ya uwanja. Zeze halionekani lina nyuzi ngapi. Ilimba imefichwa na mikono. Inama, ukae chini kama alivyokaa yeye. Utaona vidole gumba juu ya vyuma. Utaona kwamba vipo vyuma ambavyo havipigwi kabisa. Vimewekwa ili vitetemeke vyenyewe wenzao wakipigwa, na ndivyo vinavyoijaza sauti. Utaona matundu kwenye sanduku, yamezibwa kwa utando wa buibui, ili ilimba itoe ule mvumo wake. Aliyebuni vitu hivyo ni fundi na ni mtaalamu. Picha inayoonyesha mikono yake itamfunza mtoto wa shule jambo. Inayoonyesha manyoya tu itamfunza kwamba babu yake alikuwa mtu wa kuchekesha wageni. Hiyo ndiyo kasumba tuliyosema tumeitupa.

Angalia pia waliosimama nyuma. Kwa desturi wanaume ndio walioshika zeze na ilimba mbele, na wanawake wakaitikia. Katika ukoo wa Zawose nako wanawake waliimba nyuma kwa miaka mingi. Mwaka 2024 Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake, walitoa kazi yao ya kwanza kwa jina lao wenyewe, iitwayo Maisha. Sauti hizo hazikuzaliwa mwaka huo. Walikuwapo siku zote. Ila macho ya watu na ya kamera yalikuwa mbele tu. Katika vijiji vyetu wamo akina Pendo na Leah wengi. Mpiga picha mwenye akili atazunguka nyuma ya mstari akaulize ni nani aliyeanzisha kiitikio.

Mwisho wa kazi, andika. Jina la mtunzi, kijiji chake, ala aliyopiga, wimbo unaitwaje, tarehe, na jina lako wewe uliyepiga. Andika papo hapo, usingoje kufika mjini. Kisha mrudishie picha moja iliyosafishwa kwenye karatasi, maana simu ya jirani si ukuta wa nyumba.

Jambo hili lina haki ndani yake, si heshima tu. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kuna chombo cha Serikali, COSOTA, kinachosimamia haki za watunzi. Lakini mtunzi wa kijijini, wimbo wake ukichukuliwa na kijana wa mjini mwenye studio, atawezaje kusema ni wake? Hana karatasi. Hana sahani. Picha yenye jina, wimbo na tarehe ni shahidi mdogo, lakini ni shahidi. Picha iliyoandikwa "kikundi" humsaidia yule aliyechukua. Tena tukumbuke kwamba picha, kwa kawaida ya sheria hizi, huwa mali ya aliyeipiga. Maana yake mzee ametoa sura yake, wimbo wake na jasho lake, na amebaki mtupu mara mbili.

Sasa tufikie lililo zito, nalo latuhusu sisi watu wa siasa. Kumthamini mtunzi si kumpiga picha vizuri peke yake. Ni kumwacha aimbe lake. Upo mtindo wa kumwendea mpiga zeze siku tatu kabla ya mkutano na karatasi yenye majina ya wakubwa, ati ayatie katika wimbo. Naye kwa adabu, na kwa kuhitaji posho, atayatia. Wimbo utaimbwa, wageni watapiga makofi, na jioni hakuna atakayeukumbuka, hata yeye mwenyewe. Lakini wimbo alioutunga juu ya bomba la maji lililozinduliwa likakauka utaimbwa kisimani kwa miaka mitano. Kiongozi mwenye busara angetaka kuusikia upi? Wa kwanza humwambia kwamba anapendwa. Wa pili humwambia bomba limekauka.

Sisi tulio waandaaji twahitaji kusikia habari za bomba. Taarifa za matawi hutufikia zimekwisha pigwa pasi. Mtunzi huru huimba habari ikiwa bado na vumbi lake. Tukimfunga kinywa kwa posho, tutakuwa tumelipa fedha ili tusijue mambo ya watu wetu. Na Zawose mwenyewe, sifa alizoziimba zilikuwa na uzito kwa sababu wasikilizaji walijua ni mtu aliyeshika njia yake. Sifa ya mtu asiyeweza kunyamaza haina bei.

Kwa hiyo twatoa maombi matatu kwa matawi yote ya nyanda za kati, na kwa yeyote mwingine atakayeona yafaa.

La kwanza: kila tawi liwe na daftari la watunzi. Jina, kijiji, ala, na nyimbo alizotunga. Waalimu wa shule za msingi wasaidie, maana wao ndio wanaojua nyumba za watu. Kazi hii isicheleweshwe. Wazee wanaojua kutengeneza zeze tangu kibuyu mpaka upinde wanapungua, na daftari haliwezi kuandikwa na walio makaburini.

La pili: picha yoyote itakayoletwa na tawi kwa ajili ya gazeti hili, ikiwa ina mwimbaji, iletwe na jina lake. Isiyo na jina irudishwe ilikotoka ikatafutiwe jina. Twamwomba mhariri atukubalie hili.

La tatu: katika mkutano, mtunzi apewe wimbo mmoja ulio wake, asiouonyesha kwa mtu kabla. Kama utatuuma, na utuume. Chamwino wameonyesha kwamba watu wa kwetu waweza kukusanyika kwa ajili ya muziki wenyewe: tamasha la muziki wa Wagogo lilianzishwa huko mwaka 2009, na hapo mpiga zeze ndiye mgeni rasmi. Mikutano yetu haiwezi kushindwa kutoa dakika kumi.

Ndugu wasomaji, mvua za mwaka zikianza Desemba, vijiji vyetu vitashika majembe na ngoma zitapungua mpaka mavuno. Huo ndio wakati mzuri wa kuwaendea wazee majumbani mwao, jioni, wakiwa wametulia. Nendeni na daftari. Kamera ikiwapo, ni vema. Lakini swali la kwanza liwe hili: Mzee, jina lako kamili ni nani, na wimbo huu umeutunga mwaka gani?